Mama Godelieve, Aliyewafikisha Matangani Walio Mbali

Baba Padri, ndugu wa familia, majirani wa Baraka, wageni mliotoka Swima, Kazimia na Lulimba, na ninyi mnaotuona kwa simu: haya ni maisha ya Mama Godelieve Abwe jinsi alivyoyajua shemeji yake Jérémie, mdogo wa mumewe, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii. Walijuana miaka arobaini na moja. Si miaka yote walielewana, na marehemu angekasirika sana kama jambo hilo lingefichwa.

Mama Godelieve alizaliwa Swima, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mvuvi Anatole Abwe na mkewe Marie. Tangu mdogo alikuwa na sauti ya kuita mitumbwi iliyo mbali. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alijua habari za kijiji kabla ya wenye habari.

Alisoma shule ya msingi hapo Swima, na mwaka 1974 akaja Baraka kwa shangazi yake kuanza sekondari. Alifika mwaka wa nne. Baba yake alipougua alirudi kumsaidia mama yake shamba la mihogo, na hakupata tena nafasi ya kumaliza. Lakini Kifaransa alichokipata kilimtosha kubishana na kila mkubwa wa ofisi wilayani Fizi, na wengi wao alikuwa akiwashinda.

Alifunga ndoa na Norbert Wilondja tarehe 6 Agosti 1983. Norbert alikuwa mpiga picha, mwenye studio kwenye njia ya soko. Alikuwa amekwenda Swima kupiga picha za ubatizo, na picha ya Godelieve ikaharibika kwa sababu msichana hakunyamaza hata sekunde moja. Norbert alirudi kuipiga tena. Akarudi mara ya tatu. Mara ya nne alikuja na wazee. Mungu aliwajalia watoto wawili, Arlette na Eddy.

Wakafanya kazi ya studio pamoja. Zamani hizo filamu zilipanda mashua hadi Uvira kusafishwa, na mtu alingoja wiki mbili ajue kama alifumba macho. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa, wakaishi kambini Nyarugusu, Tanzania, hadi mwaka 2005. Waliporudi Baraka, Arlette hakurudi nao. Alikuwa ameolewa kambini, na mwaka 2013 alipelekwa na mumewe Amerika, jimbo la Iowa.

Norbert alifariki tarehe 2 Mei 2014. Habari ilimfikia Arlette baada ya siku kumi na moja, matanga yameisha, viti vimerudishwa kwa wenyewe. Alipompata mama yake kwa simu hakuuliza habari za ugonjwa. Aliuliza hivi: “Mama, mulimuvalisha shati gani?” Mama Godelieve akamjibu, lile jeupe lenye mfuko. Kisha akakata simu, akalia kuliko siku ya mazishi yenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu: mtoto asiulize tena shati la baba yake.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zinaimaliza studio. Kila mtu alikuwa na kamera mfukoni, na wapiga picha wa Baraka walikaa vibarazani wakilalamika. Mama Godelieve hakulalamika hata kidogo. Mwaka 2017, akiwa na miaka hamsini na sita, alinunua simu ya kupangusa, akamketisha Eddy mbele yake, akamwambia amfundishe kila kitu. Alijifunza kwa furaha ya mtoto aliyepewa viatu vipya. Wajukuu wa jirani walimkimbia kwa maswali yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya Claver Minani, mkulima, mkimbizi kutoka Burundi, ambaye yuko hapa nasi. Mwezi wa Juni 2018 mama yake Claver alifariki Rumonge, na Claver hakuweza kurudi. Mama Godelieve alimtafuta mtu wa kule mwenye simu nzuri, akaomba amshikie simu kaburini ili Claver aone mazishi kwa video. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaita majirani, maana hakutaka Claver alie peke yake. Watu zaidi ya thelathini wa Baraka waliketi uani kwa Mama Godelieve wakamlilia mwanamke wa Rumonge ambaye hawakumjua hata kwa sura. Jérémie alikuwepo. Alikuja kucheka, akajikuta ameshika leso.

Kuanzia hapo kazi ilipamba moto. Aliitwa kwenye harusi, ubatizo, mazishi na vikao vya mahari. Alifundisha wasichana sita, kila mmoja na simu yake na betri ya jua mgongoni, na vijana wa pikipiki wakawapeleka hadi Lulimba kwenye machimbo. Kazimia wafanyabiashara wa samaki walianza kuwaita wasichana haohao wawaonyeshe wanunuzi mzigo kwa simu kabla mashua haijaondoka. Mji ulichangamka. Ndugu waliotawanyika Kigoma, Australia na Kanada walirudi kuwa jamaa wa kugombana nao kila Jumamosi.

Sheria yake ilikuwa simu isishikwe juu. Alisema anayelia huketi, basi na simu iketi. Akaiwekea kiti katikati ya ndugu, na kiti kile hakikukaliwa na mwingine. Mama Fébronie, jirani yake, aliwahi kukiletea kiti hicho sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki wa mikeke, kisha akashangaa chakula kinapoa.

Hapo ndipo Jérémie alipogoma. Alisema wazi kwamba mtu aliye kwenye simu hajafika, na kwamba katika kikao cha familia hana neno. Alisema hivyo miaka mitatu, na kwa sauti kubwa. Mama Godelieve alimjibu kila mara: “Shemeji, ile kiti iko na muntu.”

Mwaka 2021, kwenye mazishi ya binamu yao, Padri alipoanza sala, Jérémie aliinua macho akamwona kijana mmoja amevaa kofia nzito ya sufu. Akakasirika. “We kijana, tosha kofia, tunasali.” Kijana akaitoa haraka, na ndipo Jérémie alipoona kwamba amemkaripia mtu wa Kanada, aliye ndani ya simu, kwenye baridi ya huko. Mama Godelieve alingoja Amina, hakuweza kungoja zaidi. “Shemeji, kama haiko apa, kofia ulimutoshesha ya nini?” Wafiwa walicheka mbele ya jeneza. Jérémie hakuzungumza naye mwezi mzima. Kisha akaenda nyumbani kwake, akaomba kiti kingine kwa ajili ya mwanawe aliye Lubumbashi.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, lakini aliendelea kuwafundisha wasichana wake akiwa amekaa mkekani. Alilazwa hospitali Baraka mwishoni mwa Agosti mwaka huu. Alipozidiwa alimwambia Eddy: “Siku yangu, mushike simu muzuri. Arlette aone bote.” Alifariki Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Ganda la programu mliyoshika linasema Alhamisi. Leo ni Ijumaa, na karatasi hii ya ndani imechapwa upya asubuhi. Jumatano jioni radi ilipiga mnara wa simu, na Baraka nzima ikakosa réseau, yaani mtandao. Alhamisi kaburi lilikuwa limechimbwa, sufuria ziko motoni, wageni wa Kazimia wameshuka mashua. Wazee walisema tuzike. Mmoja akamwuliza Jérémie, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo na neno la mwisho ni lake:

“Muzee, tunangojea nani? Si bantu bote biko apa?”

“Arlette hayafika,” alisema Jérémie. “Tunamungojea.”

Mmelala hapa usiku mmoja zaidi, wengine chini, na mmenung'unika, na mlikuwa na haki. Leo saa tatu na dakika ishirini réseau ilirudi. Saa tatu na nusu Arlette aliuona uso wa mama yake, na kitenge cha bluu alichovikwa. Hakuuliza kitu.

Mama Godelieve ameacha watoto wawili, Arlette na Eddy, wajukuu watano, dada yake Dorothée, shemeji yake Jérémie, wasichana sita wa simu ambao nao wamevaa nguo za msiba kama watoto wake, na Claver Minani, ambaye ameomba jina lake liandikwe hapa, na familia imekubali.

Kwa desturi yetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza. Tulimwomba Arlette achague mkono wa kumtupia udongo huo. Sote tulidhani atamtaja Eddy. Akasema: “Mukono ya baba mudogo Jérémie. Ye njo aliningojea.”

Mama Godelieve alale salama kwa Bwana. Arlette, sema ukiwa tayari. Udongo uko mkononi.