Siku Niliyonyamaza Mbele ya Kabula

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mwangaluka wote, na ninyi mliokaa nyuma pia. Mimi ni mkulima wa pamba wa kijiji cha Nkololo, shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo nikipotea njiani mnivumilie, nitarudi.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia, wanunuzi wa pamba wakawa wanakuja kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu. Mmoja alikuwa na kofia nyekundu, anacheka hata pasipo cha kuchekesha... lakini sikuja kusema ya kofia. Mwaka huo binti yangu Kabula alichaguliwa chuo kikuu, Dar es Salaam. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumaliza hata sekondari!

Sasa sikieni kosa letu. Kila nilipotaka kumwandikia, nilitangaza baada ya ibada, na ukoo wote ukapanga mstari mbele ya mwinjilisti, maana ndiye aliyeshika kalamu. Kila mtu alitia agizo lake.

"Mwambie awe mkuu wa wilaya," mjomba wake akasema.

"Awe daktari," akadakia shangazi yake, "mgongo huu unanimaliza."

"Vyote viwili?" mwinjilisti akauliza.

"Andika wewe! Akili anazo za kugawa."

Tulicheka. Tuliona ni upendo. Na mimi baba nilifunga kila barua kwa maneno haya: usituaibishe.

Siku moja chuo kikaniita, binti yako anaumwa. Nilisafiri siku mbili, nayo safari ile imebaki kwangu kama ndoto. Mbuga zilipita dirishani, milima, mbuga tena, na kando ya basi nilimwona Kabula akiwa mdogo, anatembea na kikapu cha pamba kichwani, hachoki, hanitazami.

Nilimkuta amekonda. Halali, hali, haingii darasani. Nikasema haya ni mapepo, namrudisha nyumbani leo leo! Nikashika begi lake. Akasema taratibu, "Baba, kurudi hivi, heri nife."

Ndugu zangu, begi nikaliweka chini!

Pale chuoni alikuwepo mama mmoja, kazi yake kuwasikiliza wanafunzi waliolemewa. Wanamwita mshauri. Alinipa kiti.

"Shikamoo mzee. Leo usimwambie kitu. Msikilize tu."

"Hata kumwombea?"

"Omba, lakini kimoyomoyo."

Mimi kunyamaza! Mke wangu angesikia angeanguka. Lakini nilikaa. Pazia la chumba kile lilijaa upepo, likatulia, likajaa tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Ndipo Kabula akasema, sauti yake ya mbali kama aliye ng'ambo ya mto:

"Baba, nikifungua kitabu nawaona ninyi nyote mmekaa kwenye mistari. Mjomba, shangazi, hata ng'ombe wetu. Hamsemi kitu. Mnanisubiri. Sipati pa kusoma."

Nililia kama mtoto. Nilikwenda kumtoa binti pepo, kumbe lililomkalia lilikuwa ni sisi, na kiburi changu mbele! Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, hata ukirudi bila cheti, wewe ni wangu. Lala."

Hakupona siku ile, nisiwadanganye. Alimwona mshauri kila wiki, na daktari akampa dawa. Nyumbani nikavunja ule mstari wa barua. Shangazi yake alinuna: "Umekwenda Dar, umerudi bubu?" Nikamwacha anune. Nikamwambia mwinjilisti aandike maneno machache tu: Kabula, sisi wazima, wewe umeamkaje?

Nilisubiri majibu mpaka pamba ikapasuka shambani, nyeupe, kimya, kama mawingu yameshuka kupumzika. Ndipo barua ikaja. Mwinjilisti alinisomea nikiwa nimesimama kati ya mistari ya pamba: "Baba, jana nililala mpaka jua likaniamsha."

Asante Yesu! Nilipiga magoti palepale.

Ndugu yangu mwenye mtoto wa kwanza kufika mbali, usione haya kumpeleka kwa mshauri. Mungu alinifikia kupitia mama yule na kiti chake. Mtumaini Mungu, na mdomo wako uupumzishe kidogo. Mtoto ana neno.