Mwanafunzi wa Mama Faidha

Mimi si mtu wa kusikiliza maneno ya watu. Kwenye basi la Newala nilihamia kiti cha mbele ya Mama Faidha na Mzee Faridi ili tu nisisikie nusunusu.

Mama Faidha, mjane, alikuwa na filimbi mbili za bati, akichagua ya kumpigia mjukuu atakapotoka jandoni. Mzee Faridi, mgane, alikaa ubavuni mwake, kanzu imenyooka kama ya Ijumaa, na siku ilikuwa Jumanne.

"Usitazame mng'aro, baba. Ziba matundu yote, upulize kama unapoza uji." Mama Faidha akapuliza. Sauti ikatoka nene, nikasahau hata kujifanya nimelala.

"Mimi sijawahi kushika filimbi," mzee akasema. "Labda nipate mwalimu asiye na haraka."

Mama Faidha akampanga vidole, kimoja kimoja. Mzee akakosea. Akapangwa tena, akakosea vizuri zaidi.

"Njoo nyumbani Alhamisi, utajua tu."

Basi likasimama Chiungutwa. Muuza ndizi akachungulia dirishani. "Shikamoo Mzee Faridi. Wenye ngoma wanauliza, Jumamosi utawapigia filimbi kama mwaka jana?"

Mkono wa Mama Faidha ulikuwa bado juu ya vidole vya mzee.