Luhende na Kitanda Kisicho na Msumari

Tarehe 30 Juni 1981 Ndugu Tomasi Luhende anatundika msumeno wake, baada ya miaka ishirini na mitatu katika karakana yetu ya Nyakahura. Walionipa kazi ya kuandika haya wanajua sikusoma sana. Lakini mimi ndiye niliyempikia gundi ya ngozi ya ng'ombe miaka yote hiyo, basi kaeni msikilize, na anayenong'ona huko nyuma anyamaze.

Alikuja kutoka Shinyanga na randa moja na mdomo mzito. Kijiji cha ujamaa kilipoanza, madawati ya shule yalitoka mkononi mwake, na milango ya ofisi pia. Ufundi wake ni vilimi, vipande vyembamba vya mbao kavu. Anachimba mfereji mfupi ubavuni mwa kila ubao, anapaka gundi, anachomeka kilimi nusu huku nusu kule, kisha anazikaza mbao kwa kamba ya katani iliyosokotwa na kijiti. Kilimi kikinywa gundi kinavimba humo ndani. Hapo hata fahali wawili wakizivuta, hazitengani.

Ila lazima kiingie kikavu. Kwa hiyo alivianika kwenye uchaga wa jiko langu, kando ya samaki. Mwenyekiti Malongo alipita na njaa zake, akachukua kimoja bila kuomba, akatafuna, akalalamika kwamba samaki wa siku hizi hawana chumvi. Mwenyekiti, usiinamishe kichwa, kila mtu anajua.

Vita ilipokuja, malori yalikwenda mstari wa mbele na misumari ikatoweka dukani. Siku hizohizo kitanda cha kuzalishia cha zahanati kikavunjika. Vijana wa karakana wakakunja mikono, eti bila misumari hakuna kazi. Luhende akaanza kuchimba mifereji ya kitanda kipya.

Gundi ilitaka kungojwa mpaka kesho yake. Mwanangu Genoveva hakuweza kungoja: uchungu ulimshika mchana uleule, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga Anjelika alisema pale sakafuni hawezi kumgeuza. Nilikimbilia karakana bila viatu. Kitanda kilikuwa bado kimefungwa kamba, na vijana wakanambia kitafumuka, tutaua watu wawili. Luhende aliinama, akagonga ubao kwa kidole, akasikiliza.

"Vilimi vimeshiba," akasema. "Kibebeni na kamba zake."

Sijamwona akikimbia ila siku ile, upande wa mbele, ameshika mguu wa kitanda. Mbao zililia mara moja tu Genoveva alipolazwa, zikatulia. Kisha akalia Ernesta, mjukuu wangu, mzima, na mama yake mzima! Vigelegele vyangu walivisikia ng'ambo ya mnada.

Sasa misumari imerudi, na ninyi vijana mmerudia uvivu. Nendeni zahanati mkapapase kile kitanda. Mkipata ufa, nitakula kilimi kama Mwenyekiti.

Asante, Ndugu Luhende, Baba Nshoma wetu. Tunakutakia mvua za wakati wake, ng'ombe wanaozaa, na usingizi wa mchana usioamshwa na mtu. Na mikono ikikuwasha, uchaga wangu upo palepale. Lete vilimi vyako, samaki watasogea.