Historia ya Makau Ndete, Aliyetoka Nje Kila Meza ya Bwana Ilipoandaliwa

Wapendwa mliofika, Pasta Kyalo na wazee wa kanisa, majirani zetu wa Baba Dogo, jamaa mliotoka Masii na basi la alfajiri, asanteni kwa kuja kutushika mkono, na tunaomba mtusikilize kabla mwili haujaanza safari ya nyumbani, kwa maana maisha ya huyu tunayemsindikiza hayakunyooka kama yanavyosomwaga kwenye karatasi, na mama yake mzazi, Kathini, amesema hataki tuyanyooshe.

Makau Ndete alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 kule Masii, mtoto wa tatu wa marehemu Ndete Munyao na Kathini, akazaliwa miguu ikitangulia, nyanya yake akacheka akasema, huyu amekuja kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Na kweli alikua hivyo hivyo, jirani akimpa kipande cha muwa leo, kesho utamwona na mzigo wa kuni anampelekea, umkataze usimkataze, mpaka wanawake wa kijiji wakawa wanataniana, mkitaka kuni, mpeni Makau muwa. Mama yake alifurahi kuwa na mtoto asiyependa bure, wala hakujua anachokifurahia.

Alisoma shule ya msingi ya pale kijijini kuanzia 1978 hadi 1985, akaingia sekondari Januari 1986, akaiacha mwaka uliofuata baba yake alipofariki. Mwezi wa Machi 1989 alikuja Nairobi kwa baba yake mdogo, Kimanzi, aliyekuwa amepanga hapa Baba Dogo, akaanza kazi ya tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mfanyabiashara wa mbao, akabatizwa Pasaka ya 1992, na mwaka wa 1994 akapata leseni, akakabidhiwa usukani. Wenzake mliopo mnamkumbuka Makau wa siku hizo, dereva wa kucheka, anayeimba tenzi na injini, anayesimamisha lori zima ili kuku wa watu wavuke.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Mbithe katika kanisa hili hili, Mungu akawajalia watoto wawili, Mativo mwaka wa 1998 na Jacky mwaka wa 2002.

Jumamosi, tarehe 18 Machi 2006, saa tano asubuhi, Makau alikuwa akirudisha lori nyuma kwenye uchochoro wa ploti yao ya nyumba za kupanga, amsaidie jirani aliyekuwa akihama, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, na Lorraine, mtoto wa miaka minne wa Phares Owuor na mkewe Kezia, mlango wa tatu kutoka kwake, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gurudumu, mahali ambapo kioo hakifiki. Hatutasema zaidi ya hapo. Polisi walipima, mahakama ikamwachilia mwezi wa Septemba, tajiri wake akamwambia funguo zako hizi, na Makau akazikataa, akarudi kubeba mbao begani, wala hakushika usukani tena mpaka kufa kwake.

Kezia alimzika mtoto wake kwao Siaya, akarudi Nairobi, na Jumapili, tarehe 2 Aprili, akasimama mbele ya kanisa akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akasema, "Baba Mativo nimemsamehe, mimi na mzee wangu, na kama kuna mtu hapa hana kazi, basi aendelee kumhukumu peke yake." Watu walilia. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, mkate ukaanza kupitishwa, ulipokaribia benchi lake Makau akainuka, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye geti.

Akafanya hivyo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, miaka kumi na tisa. Huko nje alizunguka magari ya watu, moja baada ya jingine, akiinama kuchungulia kama kuna mtoto nyuma ya gurudumu. Na mtaa ukaendelea kumwita Kezia Mama Lorraine, maana ndiyo desturi, mama hanyang'anywi jina la mtoto wake kwa sababu amekufa, naye Makau akalisikia jina hilo kila asubuhi pale bombani.

Hapa familia inaomba kusema jambo zito, na Pasta mwenyewe ameturuhusu. Sisi tulimsifu. Tulimwona anatoka nje, tukasema, tazameni mtu anayejua uzito wa dhambi, Pasta akamtaja kwenye mahubiri si mara moja, akina mama wa ushirika wakamtolea waume zao mfano, na Kathini alipokuwa Masii aliwaambia wenzake kisimani, mwanangu anamcha Mungu kuliko ninyi nyote. Mtu alikuwa anazama, nasi tumesimama ukingoni tunampigia makofi kwamba anaogelea vizuri.

Aliyejua alikuwa Kezia. Jumapili moja ya mwaka wa 2012 alimfuata mpaka getini, akamwambia, "Baba Mativo, mimi nilikupa kitu mbele ya watu, na wewe unakizunguka tu kama mbuzi wa kambani. Unataka nikusamehe mara ngapi ndio ushibe? Ama nikuandikie barua, chifu aipige muhuri?" Makau akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akasema, "Wewe umesamehe cha kwako, mama. Cha mtoto atanisamehea nani?" Kezia akamshika mkono wa koti, wakasimama hivyo mpaka wimbo wa mwisho ukaisha.

Hata Jacky, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, alimwambia baba yake mezani, "Buda, si huyu Mungu wako ni wa kusamehe? Mbona wewe ndio umejifungia?" Mbithe akamkemea, "Nyamaza, watoto wa Nairobi mna mdomo," na leo Mbithe anasema afadhali angenyamaza yeye.

Ugonjwa ulianza Januari 2025, ugali ukawa unamkwama, baadaye uji, na tarehe 9 Mei madaktari wakatuambia ni saratani ya koo la chakula, imeshakwenda mbali. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Jumapili, tarehe 2 Novemba, ibada ilipoisha, Pasta alikwenda hospitalini na mkate na kikombe, Mbithe na Kezia wakiwa pembeni ya kitanda, na Makau wakati huo hamezi hata mate yake. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sasa haipiti, Pasta." Mbithe akamwinamia, akamuuliza, "Na ingepita?" Akafumba macho.

Basi Kezia akatoa leso, akachovya ncha yake kwenye kikombe, akampaka midomoni, polepole, kama mtu anavyompa maji mtoto mwenye homa. Makau hakugeuza uso. Hatujui kama alikubali, au alikosa tu nguvu za kukataa, na hilo ndilo linalomnyima mama yake usingizi. Tarehe 4 Novemba 2025, Jumanne, saa nane mchana, alikata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumsafisha bila kukunja uso, majirani wa ploti waliompikia uji aliokuwa hawezi kuunywa na bado wakaupika, wenzake wa mbao waliombeba ngazini kwa mabega yale yale ya kazi, na Phares na Kezia Owuor, ambao hatuna neno la kuwaambia, hatulitafuti tena, tunawaomba tu wakae nasi mstari wa mbele.

Tumehubiriwa maisha yetu yote kwamba neema ni zawadi, haifanyiwi kazi wala hairudishiwi kuni, lakini hatukufundishwa mama afanye nini na mwana aliyeishi akiikimbia. Kathini hana jibu, na Pasta amekiri kwamba hata yeye hana. Kathini hawezi kusimama hapa aseme mwanawe alimaliza mwendo vizuri, hakuumaliza vizuri, aliumaliza kwa hofu. Ombi lililobaki kinywani mwake ni moja, kwamba Mungu awe mkaidi kumshinda Makau.

Pumzika, mwanetu. Pumzika, hata kama hujakubali.