Odessa Gaines Tarpley, Aliyebaki Nyumbani

Marehemu Odessa alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Tallow Bend, Mississippi, kifungua mimba wa mzee Rufus Gaines na mkewe Idella. Miaka miwili baadaye akazaliwa Verlene, na wivu ukaanzia hapo. Mwenyewe hakuuficha, nasi hatutauficha mbele ya jeneza lake.

Alisoma shule ya watoto weusi, iliyofunguliwa pamba ikiisha kuchumwa. Alipofika darasa la nane mama yao akaugua, Odessa akaacha masomo amuuguze. Verlene akaendelea.

Kiangazi cha 1964 wote wawili walitaka kwenda mahakamani kujiandikisha kupiga kura, lakini mmoja ilibidi abaki na mama mgonjwa. Verlene akaenda, akatiwa ndani kwa kuwa siku zile weusi walizuiwa kupiga kura, picha yake ikatoka magazetini. Wiki hiyohiyo bibi wa Kizungu ambaye Odessa alikuwa mpishi wake akamwambia, "Mdogo wako katuaibisha. Kesho usije."

"Yeye kapata jina, mimi nimepata kiboko," Odessa alizoea kusema. Akaingia kiwanda cha kambare, akapasua samaki mpaka vidole vikakataa kunyooka.

Tarehe 4 Juni 1966 aliolewa na Leotis Tarpley, fundi matrekta, aliyemteka moyo kwa swali moja: "Verlene ndiye nani?"

Mwaka 2014 kaunti iliipa barabara yetu jina la Verlene, naye akaja kwenye sherehe kutoka Chicago, alikokuwa amehamia. Odessa aliapa hatakwenda. Akatokea na aproni yake, akamkatiza mkuu wa kaunti katikati ya hotuba.

"Barabara mmeipa jina la mdogo wangu. Haya maji ya vyoo yanayofurika uani kwetu kila mvua ikinyesha, mtayapa jina la nani? La kwangu?"

Verlene akamnong'oneza, "Dada, maneno hayo ningetaka niyaseme mimi. Leo nakuonea wivu."

"Onja na wewe," Odessa akasema, na hakuuachia mkono wake mpaka watu walipotawanyika.

Aliugua figo miaka mitatu. Hospitali ya mji wetu ilikwisha fungwa, hivyo alifariki tarehe 2 Februari 2019 ndani ya gari la wagonjwa, safari haijafika nusu.

Ameacha mumewe Leotis, watoto wake Renetta na Cleophus, wajukuu watano, na mdogo wake Verlene, ambaye hatarudi Chicago. Amehamia chumba cha nyuma nyumbani kwa Odessa, kule maji yanakofurika, na Jumatatu atakwenda kaunti na aproni ya dada yake.

Mungu ampumzishe Odessa kwa amani, pasipo na mtu wa kumwonea wivu.