Mama Geuza na Bitana ya Hariri

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, alfajiri, katika chumba cha uani nyuma ya duka la vyombo alikofanya kazi baba yake. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Wazazi wake walisimulia kwamba tangu utotoni hakuwa mtu wa kupokea na kula. Ukimpa pipi, aliifungua, akainusa, akaigeuza, akamtazama aliyempa, ndipo ikaenda mdomoni.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao kuanzia mwaka 1960 hadi 1967. Baada ya hapo alipelekwa kwa shangazi yake kujifunza ushonaji. Shangazi huyo alikuwa fundi mkali, na somo lake la kwanza lilimfuata marehemu maisha yake yote: usiisifu nguo kabla hujaigeuza. Upande wa nje husema yale ambayo nguo inataka yaaminiwe. Mishono ya ndani ndiyo haijui kusema uongo.

Mwaka 1971 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, na baadaye akafungua chumba chake mwenyewe, cherehani ikiwa dirishani. Mteja akiingia anajisifia gauni la dukani, marehemu aliinama akapindua pindo palepale, mwenyewe akiwa bado amelivaa. “Chema chajiuza,” alisema. “Hiki naona kimepigiwa kelele mno.” Ndivyo mtaa ulivyompa jina la Mama Geuza.

Nyumbani alikuwa na swali moja. Mtoto akitamani kitu, aliulizwa: “Unakitaka, au unakihitaji?” Binti yake mdogo aliulizwa hivyo kuhusu viatu vyekundu vya kifungo mpaka akaacha kupita mbele ya duka lenyewe. Hakuna aliyeweza kulalamika, maana mama yao mwenyewe alivaa kijivu. Gauni la kijivu la kazini, la kijivu la wageni, la kijivu la kufulia.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na fundi kufuli wa barabara ya pili. Kijana huyo alikuwa ameleta suruali itiwe kiraka, marehemu akageuza mfuko na kukuta umeshonwa kwa waya.

“Mwanamume anayeficha tundu hivi,” akasema, “atakuwa ameficha na mengine.”

“Geuza na huo mwingine basi,” kijana akajibu.

Akaugeuza. Nao ulikuwa na waya. Wakacheka wote wawili, na nyumba waliyoijenga, yeye akikagua na mume akifunga, haikuwahi kuibiwa hata kijiko.

Lakini mwaka 1993 ndoa hiyo ilitikisika, na mzee ameomba jambo hili lisemwe leo, lisibaki mdomoni mwa majirani. Fundi kufuli alianza kuona nyuzi za zambarau zinazong'aa kama hariri kwenye mikono ya mkewe, ilhali sare alizokuwa akishona zilikuwa za buluu. Kila Alhamisi mkewe alifunga kazi mapema, akarudi na kifurushi kwapani. Kisha siku moja, chini ya kitanda, akaona sanduku la mkewe limefungwa kwa kufuli la shaba. Kufuli hilo halikuwa limetoka kwenye meza yake ya kazi.

“Mama watoto, kufuli hili umelipata wapi?”

“Dukani.”

“Duka gani, na mimi nipo?”

“Duka ambalo muuzaji habaki na ufunguo wa akiba.”

Fundi akaenda kwa dada yake. Wifi naye hakuwa mtu wa kuzima moto. “Kaka yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Mke wa mwokaji akinunua mkate kwa jirani, hiyo siyo njaa. Hariri haiokotwi njiani. Kuna mtu anampa.”

Jumamosi mchana, mkewe akiwa sokoni, fundi alipiga magoti mbele ya sanduku, waya mkononi. Kufuli lile angelifungua kabla chai haijapoa. Alichoogopa hakikuwa hariri. Aliogopa kwamba miaka yote hiyo alikuwa ameoa upande wa nje. Aliuingiza waya, akasikia kufuli likianza kukubali, akauchomoa. Marehemu alimkuta ameketi sakafuni.

“Umefungua?”

“Sijafungua.”

“Na ungeweza.”

“Hata nikiwa nimefumba macho. Nikifungua nitajua kilichomo sandukuni. Mimi nataka kujua kilichomo kwako. Ni nani anakupa?”

Marehemu alimtazama kwa lile jicho la pipi. Kisha akasogea, akasimama mbele yake na gauni lake la sokoni. “Geuza.”

Fundi akainua pindo. Kwa ndani, kutoka chini hadi shingoni, ilikuwa bitana ya hariri ya zambarau, mishono midogo kama mayai ya siafu.

“Najipa mwenyewe,” akasema. “Kila Alhamisi natafuta vipande vya mwisho wa jora. Siihitaji. Naitaka tu. Na baada ya lile swali langu, watoto ningewatazama kwa macho gani?”

“Magauni yako yana bitana yote?”

“Yote.”

“Hata la kufulia?”

“Hasa la kufulia.”

Fundi alicheka mpaka wifi, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha kwa bahati tu, akaondoka. Jioni ileile binti mdogo alipata viatu vyekundu bila kuulizwa kitu. Na fundi alitengeneza kufuli jipya, bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza, akamkabidhi mkewe funguo zote mbili, na ule wa akiba ukiwemo.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua. Hospitalini alimsumbua daktari. “Mama, hiki kidonge ni kizuri.” “Sijauliza uzuri, mwanangu. Nimeuliza kinafanya nini.” Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa ameushika mkono wake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wifi anayemlilia kuliko wote.

Alikuwa amejishonea mwenyewe gauni la leo. Mtakaopita mbele ya jeneza mtaona kijivu, na wapo watakaonong'ona kwamba watoto wamembania mama yao hata siku ya mwisho. Mzee mwenyewe jana aliingiwa na shaka, akamuuliza binti yake mdogo kama kweli wamemvika lenyewe. “Baba,” akajibiwa, “kagua.” Akainua pindo. Akaliteremsha taratibu, akalinyoosha.

Msiuamini upande wa nje. Alale kwa amani, hariri yake ikimgusa.