Walidhani Ninanena kwa Lugha

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena, maana leo nikisema mnanielewa.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa fundi wa mabati hapa Bondeni. Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile nilipopanda juu ya kanisa hili kurudisha bati lililong'olewa na upepo. Niliteleza, nikaangukia kisogo. Nikainuka! Mlishangilia, nami nikacheka nanyi. Kwetu mtu asipotoka damu hajaumia. Ibada ilipoanza nikapewa maikrofoni nitoe ushuhuda.

Nilianza vizuri. Halafu ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yamepondeka. Nilitaka kusema, "Nisaidieni, kichwa." Kilichotoka hakikuwa neno. Na ninyi, ndugu zangu, mkapiga makofi! Mlidhani Roho amenishukia, nanena kwa lugha. Mpiga kinanda akaongeza sauti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa nikianguka. Niliona nitakufa katikati ya haleluya.

Mke wangu Nekesa ndiye aliyesimama. Alinijia, akaniuliza kwa Kibukusu jina la kifungua mimba wetu. Nikashindwa. Akageukia madhabahu: "Pastor, unisamehe, hiyo si lugha. Huyu anakufa. Leteni gari!"

Hospitalini walikuta damu inajikusanya ndani ya fuvu, inabana ubongo. Wakanipasua kichwa. Nimeishi, lakini mkono huu wa kulia hauna nguvu tena. Nyundo siinui. Nekesa anatulisha kwa kuuza sukuma wiki, na kuna siku nikimwona anarudi amechoka, nalia. Sitawadanganya madhabahuni.

Daktari aliniambia kuna watafiti wanaotengeneza chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zikiingizwa mwilini zinatakiwa kung'aa mahali ubongo umeumia, hata kabla mgonjwa hajaanza kulegea. Bado ziko maabara, hazijatufikia. Nawaombea watu hao kila siku. Aliyeumba nuru hashindwi kumulika ndani ya fuvu la mtu!

Namshukuru Mungu, namshukuru Nekesa, ambaye hakuogopa kutukatiza ibada. Wewe uliyekata tamaa, mtegemee Bwana, hata ukibaki na mkono mmoja wa kumwinulia. Lakini ndugu zangu, mtu akianguka hapa akainuka akicheka, msimpe maikrofoni. Mpelekeni hospitali kwanza. Ushuhuda wake Mungu atausubiri.